Majina Yaliyoishia Dirishani

Watu wakija kukuona hospitalini, usihesabu waliokuja. Hesabu waliovuka mlango. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka kukuambia wewe uliyeandikiwa sindano na vidonge vya kifua kikuu, unayesoma maneno haya ukiwa umekaa kwenye benchi ya mbao nje ya maabara, kikopo cha makohozi mkononi. Mimi nilikaa kwenye benchi kama hiyo. Nimepona. Hasira ndiyo haijapona yote, na sitajifanya imepona, maana waliokuwa wakinidanganya kwa sauti ya upole wakati ule walitosha.

Naitwa Daforoza. Ni mshonaji, nakaa Buyenzi, hapa Bujumbura. Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwaka wa vita na wa vikwazo: mafuta ya gari hakuna, sabuni kwa bahati. Venansi mume wangu alikuwa karani wa mizigo bandarini, lakini meli za kutoka Kigoma zilikuwa zimeadimika, kwa hiyo alikwenda kazini kutazama ziwa na kurudi. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi miwili kikohozi kiliponianza, katikati ya kiangazi. Nilidhani ni vumbi la vitambaa. Mvua za kwanza zilipoanguka nilikuwa nimekonda hadi pete ya ndoa ikanivuka nikisonga ugali, tukaikuta kwenye sahani ya Venansi. Tulicheka sana. Wiki iliyofuata nilikohoa damu juu ya gauni la bibi harusi wa watu, jeupe, nililokuwa nimebakiza pindo tu, na hapo kicheko kikaisha.

Mama mkwe alishuka kutoka kwake mlimani Kinanira siku hiyohiyo. Alisimama uani, khanga puani, akamwambia Venansi amletee mtoto. Hakuniambia mimi. Venansi akaja chumbani, akamchukua mtoto kitandani huku akiangalia ukutani, akampeleka. Mimi nilikuwa sina nguvu hata ya kuinua kiatu nimtupie.

Maziwa hayakuambiwa kwamba mtoto ameondoka. Yalijaa, yakawa mawe, yakavuja shuka likaloa. Nilifungwa kitambaa kifuani, nikaingia hospitali hivyo, nimefungwa kama mzigo, kwenda kuanza sindano sitini: moja kila asubuhi, miezi miwili, halafu vidonge miezi sita. Masera wa zamu, mtawa mwembamba asiyependa maneno mengi, alinionyesha kadi yenye vyumba vidogo vya kuweka alama. Kuanzia hapo sikuwa na Jumatatu wala Ijumaa. Nilikuwa na sindano ya tano, sindano ya kumi na mbili.

Sasa lazima nikueleze jambo la majina, maana ndilo lililonichoma kuliko sindano. Kwetu Burundi jina husema kitu. Mtoto hupewa jina linalotangaza furaha ya nyumba, au ugomvi na jirani, au shukrani kwa Mungu, na kila anayelisikia anaelewa mlipitia nini. Parokia ya mama mkwe ilikuwa imechukua desturi hiyo ikaitia kwenye Noeli: watoto wanaobatizwa siku hiyo hupewa moja ya majina ya Masihi. Mmoja Salvatori, yaani Mwokozi, mmoja Dezire, Anayengojewa, mmoja Emanueli. Mama anasimama mbele na mtoto wake, padri anamwuliza jina lina maana gani, na mama anajibu kwa maneno yake mwenyewe mbele ya watu wote. Mwanamke anayejibu siku hiyo, huyo ndiye anayejulikana parokia nzima kuwa mama wa mtoto. Hata baada ya miaka ishirini utasikia, fulani, yule ambaye mama yake alisema hivi na hivi.

Mimi jina nilikuwa nimelichagua tangu alipozaliwa. Siku hiyo risasi zilikuwa zinalia upande wa milimani, barabara zimefungwa, mkunga ameshindwa kufika. Aliyekuja ni Mama Zuhura, jirani yangu, mjane wa Kiislamu anayeuza vitenge sokoni, aliyepita kwenye tundu la ua wa nyuma na mkasi wake wa kukatia vitenge umechemshwa. Mtoto alipolia nikasema, huyu ni Emanueli. Mungu pamoja nasi. Sikufikiria zaidi ya hapo, nilikuwa nimefurahi tu kwamba hatukufa.

Hospitali zetu hazikulishi wala hazikufulii. Kila mgonjwa lazima awe na murwaza wake: mtu wa nyumbani anayehamia hospitalini naye, anayepika uani, anayemwaga ndoo, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda chako. Bila murwaza unaweza kufa kwa kiu huku dawa ipo. Upande wetu, waliotakiwa kuja walikuwa wawili, mama mkwe au wifi yangu Yozefina. Siku ya kwanza nilisubiri. Siku ya pili nilikunywa maji ya jirani wa kitanda cha kushoto. Siku ya tatu akaingia Mama Zuhura na mkeka kwapani, sufuria kichwani, marashi yake yakitangulia.

"Wapi watu wako?" akauliza.

"Wanakuja," nikasema.

"Wanakuja na miguu ya kobe?" Akatandika mkeka. "Sogeza hiyo ndoo. Na usinitazame hivyo, mi sikuja kulia."

Usidhani alikuwa malaika. Alikoroma. Alinisema mbele ya wodi nzima kwa kuacha ugali. Alimwachia binti yake meza ya vitenge na kila jioni alilalamika kwamba binti hajui kuuza. Lakini mkojo wangu ulipogeuka rangi ya Fanta kwa ajili ya dawa, nikapiga kelele nikidhani ni damu, ni yeye aliyechungulia ndoo na kusema, "Apana, hii ni vidonge tu. Kunywa maji." Makalio yangu yalipokuwa magumu kwa sindano hadi siwezi kukaa, alinikanda kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, akinipiga kofi la mgongo kila nilipolalamika. Sindano ya thelathini masikio yalianza kuimba. Sindano ya arobaini sakafu ilianza kuyumba nikitembea, na sikio la kushoto hadi leo halijarudi sawa.

Majilio, zile wiki za kungoja Noeli, ilipoanza, akina mama wa chama cha mama mkwe walikuja kuniona. Walikuwa saba, wamevaa sare, na mbele yao mama mkwe mwenyewe. Walisimama nje ya dirisha. Mvua ilikuwa imekatika muda huo huo, majani yote yanadondosha maji. Waliweka ndizi kwenye ukingo wa dirisha wakarudi nyuma hatua mbili, kisha kila mmoja akaniletea jina. Wa kwanza akasema, nakuachia Mponyaji. Wa pili, nakuachia Mshauri wa Ajabu. Mwingine Mfalme wa Amani, na wakati huohuo mizinga ikisikika upande wa Gasenyi. Mama mkwe alikuwa wa mwisho, akasema Baba wa Milele, halafu akaongeza kwamba Emanueli anaendelea vizuri, ameota meno mawili.

Meno mawili. Mwanangu ameota meno, na mimi naambiwa dirishani.

"Ingieni basi!" Mama Zuhura akapaza sauti kutoka mkekani. "Ama hizo jina zinapita dirishani peke yake?"

Walifanya ishara ya msalaba wakaondoka. Nililia kwa hasira hadi nikakohoa, nikakohoa hadi nikatapika, na yale majina yote niliyoyapenda tangu utoto yakaniwia machungu mdomoni. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa. Kama na wewe umemwambia, usijitese. Mimi sikupigwa radi.

Jioni Mama Zuhura alikuwa anamenya zile ndizi. Akaniuliza, "Hii jina Emanueli, ambayo mulimupa mutoto, iko na maana gani?"

"Mungu pamoja nasi."

"Pamoja wapi?"

"Pamoja nasi. Kwamba Mungu alikuja akakaa na watu. Alizaliwa zizini, kwenye harufu ya ng'ombe."

Akafikiri, kisu mkononi. "Alihama kwake akakuja kukaa kwenye harufu ya wengine?"

"Ndiyo."

"Basi huyo ni murwaza."

Nilikasirika. Nilimwambia asilifanyie jina la Mungu utani, kwamba yeye dini yake ni nyingine na hajui.

"Mi sitanii," akasema, na sauti yake ilikuwa imekuwa kali. "Sisi Isa ni nabii wetu, tunamuita Masihi, tunamuheshimu. Hiyo ya Mungu kulala ndani ya zizi mi siiamini na siingii. Ni mambo yenu. Lakini kama ndivyo munasema, semeni yote. Musiseme nusu kisha mukasimama dirishani."

Akanipa ndizi. Sikuila. Siku nyingi baadaye bado nilikuwa namnunia, na yeye aliendelea kumwaga ndoo yangu asubuhi kama kawaida.

Sindano ya hamsini na tatu, Venansi alikuja. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, na nikajua ana neno.

"Dafo," akasema. "Mama ameandikisha mutoto. Atabatizwa Noeli."

"Nani atasimama naye?"

Akatazama viatu vyake. "Yozefina."

"Mwambie mama yako asubiri. Sindano zangu zinaisha kabla ya Noeli. Wakipima makohozi yakawa safi, natoka."

"Nilimwambia. Anasema tusisubiri."

"Tusisubiri nini, Venansi?"

Nilimwangalia akiurudisha nje ule mguu wa ndani, mume wangu wa ndoa, na nikaelewa kila kitu. Kinanira walikuwa wameshanizika. Walikuwa wameniondoa wakamweka Yozefina mahali pangu, na waliona wanatenda wema, ili mtoto asiwe na mwaka hata mmoja bila mama. Mama mkwe alikuwa amempoteza binti yake mkubwa kwa kikohozi hikihiki, zamani, akiwa amemshika mikononi. Hilo nalijua na nilijua siku ile. Halikunipunguzia kitu.

"Nenda," nikamwambia. "Na ukirudi, ingia au usije."

Wagonjwa waliokuwa wodini wanaweza kushuhudia kwamba kuanzia siku hiyo nilikula. Nilikula ugali wa Mama Zuhura hadi sufuria ikalia. Nilikula kwa chuki, na kama chuki ndiyo itakayokulisha wewe, basi kula hivyohivyo, dawa hizi humwangusha mwenye njaa.

Sindano ya sitini ilidungwa siku tano kabla ya Noeli. Nikaketi kwenye benchi ya maabara na kikopo changu, jina langu limeandikwa kwenye plasta. Makohozi lazima yapimwe asubuhi mbili tofauti. Kikopo cha kwanza kikapokelewa. Asubuhi ya pili mpimaji hakuja, kwao kulikuwa na risasi na njia imefungwa. Asubuhi ya tatu hakuja pia. Tulikuwa kumi na mmoja kwenye benchi ile, tunatazama mlango wenye kufuli, na mzee mmoja aliyekuwa akivuta tasbihi alisimama akaupiga teke ule mlango, na hakuna aliyemkemea. Mimi nilitamani kuwa na nguvu ya teke la pili.

Mkesha wa Noeli, saa tisa mchana, masera alikuja kitandani kwangu na karatasi. Mpimaji alikuwa amefika kwa miguu, akapima vikopo vyote bila kukaa.

"Hakuna kitu," masera akasema. "Huambukizi tena mtu. Vidonge utaendelea navyo miezi sita, usiruke hata siku moja. Leo umechelewa, amri ya kutotoka usiku itakukuta njiani, utaondoka kesho."

Nikamuomba aandike hilo la kutoambukiza kwa herufi kubwa. Akaniangalia, akaandika, akagonga muhuri mara mbili.

Asubuhi ya Noeli, amri ya kutotoka usiku ilipoisha tu, tuliondoka mimi na Mama Zuhura. Gari hakuna. Yeye amebeba mkeka na sufuria, mimi nimebeba karatasi. Ardhi ilikuwa ikinikimbia miguuni, nikawa natembea kwa kuyumba kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine, na watu waliovaa vizuri wakienda misa walitikisa vichwa. Kwenye kizuizi karibu na daraja la Muha askari akatuzuia.

"We mama, umelewa asubuhi yote hii? Na Noeli?"

Nikampa karatasi. Alianza kusoma, akafika kwenye neno kifua kikuu, akaishika kwa ncha za vidole, akanirudishia mkono wake ukiwa mbali na mwili wake. "Pita. Pita haraka." Herufi kubwa hata hakuzifikia. Mama Zuhura alicheka hadi akaketi juu ya sufuria, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu ile pete kwenye sahani.

Mlima wa Kinanira nilipumzika mara nane. Tulipofika, kanisa lilikuwa limejaa na watoto wameshaanza kuitwa. Mama Zuhura akabaki mlangoni. "Mi nangoja hapa," akasema. "Ingia wewe."

Salvatori alikuwa ameshamwagiwa maji, analia. Dezire akafuata. Kisha padri akaita Emanueli, na Yozefina akainuka kutoka benchi ya mbele, mwanangu mikononi, amevaa kigauni cheupe nilichokishona mimi nikiwa na mimba. Kilikuwa kimeshambana. Alikuwa amenenepa mwanangu, mashavu haya. Mama mkwe na Venansi wakasimama nyuma yao.

"Mama yake yupo," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa imeharibiwa na kukohoa, lakini ilisikika. Nikatembea katikati ya kanisa nikiyumba. Watu wa pembeni walijivuta ndani ya mabenchi yao nilipopita. Sijawasahau, kila mmoja.

Mama mkwe akaweka mkono mbele ya mtoto, akaniita mkwe kwa Kirundi. "Mukazana wangu, tafadhali. Utaambukiza mutoto."

"Soma," nikasema, nikaiinua karatasi ile karibu na uso wake. Venansi ndiye aliyeichukua. Akaisoma kwa sauti, na kwenye herufi kubwa sauti yake ikapasuka. Kisha akafanya jambo moja ambalo hadi leo ndilo lililotuacha tukiwa mke na mume: alimtoa mtoto mikononi mwa dada yake akanipa.

Padri alikuwa kijana, amechanganyikiwa, lakini akajua kazi yake. "Mama, jina hili lina maana gani?"

Nilikuwa na jibu la zamani, lile zuri la katekisimu. Nikalitafuta nikalikosa.

"Emanueli ni murwaza," nikasema. "Ni Mungu aliyetandika mkeka wake chini ya kitanda chetu. Hakusimama dirishani. Kama anasimama dirishani, mtafutieni jina jingine, hili ni la mwanangu."

Hapo mwanangu akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili na zaidi, na akapiga ukelele. Hakunijua. Alijipinda, akanisukuma kifua kile kilichokuwa kimefungwa kitambaa kwa ajili yake, akanyoosha mikono yote miwili kwa bibi yake. Wewe unayesoma, hili hutaambiwa na daktari: mtoto atakusahau, na si kosa lake, na litakuuma kuliko sindano zote. Nilikuwa na hasira ya kutosha kumshika hadi anyamaze kwa kuchoka. Lakini sakafu ilikuwa inayumba, na nikaona nitaanguka naye.

"Mama," nikasema. "Njoo."

Mama mkwe hakusogea. Alikuwa analia. Tulikuwa tumeachana hatua tatu hivi.

"Njoo, Mama. Anakutaka. Lakini simwachi. Njoo hapa nilipo."

Akaja. Mkono mmoja akauweka mgongoni mwa mtoto. Wa pili haukuwa na pa kwenda, ukabaki hewani, kisha akauweka begani kwangu, juu ya mfupa, maana nyama hazikuwapo. Nilisikia jinsi alivyoshtuka kwa ule mfupa. Tangu siku niliyokohoa damu hakuna mtu wa ukoo ule aliyekuwa amenigusa. Mtoto akakwama kati yetu, akapiga kwikwi mara mbili tatu, akanyamaza. Padri akamwaga maji hivyohivyo, na mengine yakatumwagikia sisi.

Sikumsamehe pale. Ilinichukua muda mrefu kuliko vidonge, na kuna siku bado namdai maziwa yangu. Lakini baada ya misa, tulipotoka nje na mtoto amelala begani kwa bibi yake, mkono wangu umeshika mguu wake mdogo, Mama Zuhura alikuwa amesimama palepale mlangoni na vitu vyake. Alimtazama mama mkwe toka juu hadi chini, sare yake na machozi yake. Kisha akamkabidhi mkeka.

"Shika, Mama," akasema. "Mi nimechoka. Bado iko miezi sita."

Mama mkwe akampa Venansi mtoto, akaupokea mkeka kwa mikono miwili.